Dakika ya Tisini na Nne

Ilikuwako nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali yuko likizo tangu uhuru. Nchi yenyewe haikuwa mbaya. Mihogo iliota, mvua ilinyesha ilipokumbuka, na viongozi walipendana wao kwa wao. Wananchi walipenda sinema kuliko chochote. Shida ni kwamba sinema zote zilitoka ng'ambo na zilisema lugha za ng'ambo, kwa hiyo kila banda la sinema lilikuwa na mtafsiri wake, ambaye husimama kando ya kioo na kipaza sauti mkononi, akiwaeleza watu nani stering, nani adui, na wanaambizana nini. Asipojua wanaambizana nini, anatunga.

Chande Likwati alitafsiri katika banda la Mtaa wa Karakana kwa miaka ishirini na miwili. Wapo waliomzidi sauti, na wapo waliomzidi mzaha. Yeye alijulikana kwa jambo moja. Katika sinema za mapigano stering hafi, hilo kila mtoto analijua, lakini wengine wanaanguka ovyo: mlinzi wa getini, dereva, mpishi aliyefungua mlango wakati si wake. Watu hao hawapewi jina hata kwenye ile orodha ndefu inayopita mwishoni. Chande hakuweza kulivumilia hilo. Kila alipoanguka mmoja aliacha kutafsiri, akasema taratibu, "Mtazameni vizuri huyu," kisha akampa jina, mtaa na kazi. Huyu ni Mbaraka wa Kilimahewa, fundi baiskeli. Na banda zima likaitikia, "Poleni wa kwao." Ndipo sinema ikaendelea. Jambo hilo lilianza kama mchezo, likawa desturi, mabanda ya nchi nzima yakaiga, na mtu asiyeitikia alionekana hakulelewa.

Majina hayo aliyatunga mkewe, Somoe. Alikuwa akichambua mchele huku akimtupia moja moja: leo muweke mkulima wa ufuta, jana ulikuwa na mafundi wengi mno. Alisema ni aibu mtu kufa mbele ya umati na asiwepo hata mmoja wa kumwita.

*

Jumanne moja Chande alimwomba Somoe aende Posta Kuu akamchukulie mzigo. Ulikuwa kipaza sauti kipya alichotumiwa na binamu yake, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kinakwaruza. Angeweza kwenda mwenyewe. Ila alikuwa na sinema mpya ya kuiangalia kabla ya alasiri, na Somoe akasema yeye hata hivyo anakwenda sokoni, posta ni njiani tu. Alitoka amevaa kitenge cha kijani. Maneno yao ya mwisho yalihusu vitunguu.

Saa nne asubuhi wanaume sita wenye bunduki waliifunga milango ya posta na kuwashika mateka watu thelathini na mmoja. Walitaka mkubwa wao aliyekuwa kifungoni aachiwe, na lori lenye mafuta. Serikali ilikuwa na mtaalamu wa kuzungumza na watekaji, tena msomi wa shahada mbili, lakini siku hiyo alikuwa kwenye semina ya kuzungumza na watekaji. Jeshi nalo halikuzubaa. Ndani ya nusu saa lilikuwa limelizingira jengo, limelala chini, liko tayari. Kilichokosekana ni mgeni rasmi.

Maana katika nchi hiyo hakuna jambo lifanyikalo bila mgeni rasmi, hata kama ni kupanda mche wa mpapai, seuze ukombozi. Yakasimikwa maturubai, vikapangwa viti, bendi ikapiga siku ya kwanza na ikapiga siku ya pili. Chande alikaa siku zote tatu kwenye sakafu ya saruji mbele ya posta, nyuma ya kamba, akiutazama mlango. Mgeni rasmi aliwasili siku ya tatu alasiri, akaomba radhi kwa kuchelewa kidogo, akasoma hotuba ya kurasa kumi na nane kuhusu thamani ya uhai wa mwananchi, akakata utepe. Jemadari Mkuu akaamuru ukombozi uanze. Risasi zilipigwa kupitia madirisha yote kwa usawa, ili pasiwe na upendeleo.

Walitoka watu kumi na wawili. Redio ikatangaza jioni kwamba mateka wote wameokolewa wakiwa na afya njema, na wale kumi na wawili wakapelekwa ofisini, wakapewa soda, wakatia saini kwamba wao ni thelathini na mmoja.

Mmoja wao alikuwa Desderia, karani wa stempu. Baada ya wiki alikuja kwa Chande, akakaa mkekani, akaongea bila kuinua macho. Somoe alikuwa dirisha la vifurushi. Milio ilipoanza alijilaza chini ya kaunta na boksi lake amelikumbatia kifuani, na risasi ilipita kwenye boksi kwanza. Waliobaki ndani walikuwa kumi na tisa. Walipakiwa kwenye lori la jeshi, wakafunikwa turubai, na lilikoelekea hakujui. Lakini majina yao aliyajua yote, maana mkishinda njaa siku tatu pamoja mnajuana, na akamtajia Chande jina, mtaa na kazi, mmoja baada ya mwingine. Chande hakuandika. Mtafsiri huweka vitu kichwani.

*

Miezi kumi na mmoja alizunguka. Tuseme haki: hakudai fidia, wala hakuuliza nani alipiga risasi. Alitaka kitu kimoja, aonyeshwe walipomweka mkewe, asimame pale aseme yanayosemwa. Hospitali ilimwambia haipokei watu waliookolewa. Ofisi ya Vifo ilimwambia kifo hakiandikwi bila maiti, na Ofisi ya Maziko ikamwambia kuwa maiti haitafutwi bila hati ya kifo. Afisa mmoja kijana, mpole kuliko wenzake, alimfafanulia kuwa kiserikali Somoe hajafa, ila amechelewa kurudi nyumbani.

Matanga nayo yalikatazwa. Kumlilia mtu aliyeokolewa ni kulitukana jeshi, na sheria ya kulitukana jeshi inajulikana. Kwa hiyo nyumba ya Chande ilikaa bila mkeka, bila hitima, bila arobaini. Majirani walimpa pole kwa macho, wakapita.

Kila ofisi ilimalizia kwa ushauri ule ule, kwamba asubiri filamu. Bunge lilikuwa limepitisha kwa kauli moja kwamba ukombozi wa Posta Kuu utatengenezewa filamu, na filamu hiyo ndiyo itakuwa kumbukumbu rasmi. Shahidi yeyote atakayetofautiana nayo atahesabiwa hakuwepo. Ikaletwa kampuni kutoka ng'ambo. Jemadari Mkuu alitaka kujiigiza mwenyewe, akajaribiwa mbele ya kamera, ikaonekana hafanani na Jemadari Mkuu. Nafasi hiyo akapewa mtu wa ng'ambo mwenye misuli, asiyejua hata salamu ya nchi, na kwa ajili yake filamu nzima ikabidi isemwe lugha yake. Raia wenyewe waliajiriwa kuwa mateka. Ndivyo taifa lilivyopata historia yake kwa lugha lisiyoielewa, na ndivyo Chande Likwati alivyoitwa Idara ya Filamu na Kumbukumbu.

*

Katibu wa Idara, Bwana Pantaleo, alikuwa mtu wa adabu. Alimkaribisha Chande chai na kaimati, akamuuliza habari za nyumbani, akajirudi na kuuliza habari za kazi. Akamweleza kwamba Mheshimiwa Waziri ameagiza filamu izinduliwe na mtafsiri bora nchini. Tafsiri ilikuwa tayari imeandikwa na kupigwa mhuri. Kazi yake ni kuisoma kwa ile sauti yake. Ila kwanza aitazame, kisha ajaze fomu ya maoni ambayo kila mtazamaji alipaswa kuijaza: sehemu ya ubora ilikuwa na mistari ishirini, na sehemu ya udhaifu mstari mmoja, kwa sababu wataalamu walikuwa wamekadiria kwamba filamu ya taifa haiwezi kuwa na udhaifu zaidi ya mmoja.

Taa zikazimwa, Chande akaitazama filamu ya kifo cha mkewe saa tatu na nusu asubuhi, kaimati mkononi.

Na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuumiza, maana alikuja amejiandaa kuichukia. Foleni ya mwanzo ilipigwa picha kwa subira: mzee anayelamba stempu, mama anayehesabu watu waliomtangulia, dirisha moja wazi kati ya sita. Aliyeigiza kiongozi wa watekaji alikuwa fundi wa kweli, hapayuki, anaongea chini chini hadi unatamani apayuke. Milio ya bunduki ilikuwa safi. Pale adui anapomsogelea yule mama wa kitenge cha kijani, na mama anaficha boksi nyuma ya miguu, Chande aliacha kupumua. Alikuwa amezitazama sinema za mateka zisizo na idadi na anajua zinavyokwisha. Hata hivyo alijikuta anamwomba stering awahi. Stering akawahi. Mlango ukafunguka na mateka wakaanza kutoka, mmoja mmoja, Jemadari akimpa kila mmoja bendera ndogo, na katika dakika ya tisini na nne akatoka yule wa kitenge cha kijani, wa mwisho kabisa, akitabasamu na boksi lake mkononi.

Chande alifurahi. Kwa muda usiozidi wa kumeza mate alifurahi kama mtu aliyeona mkewe anateremka kwenye basi. Kisha taa zikawashwa, na hakuna neno linalofaa kwa alichokihisi, nami sitalitafuta.

"Umeona mwenyewe," alisema Bwana Pantaleo kwa upole. "Ametoka. Dakika ya tisini na nne."

Chande akamwambia hajafika nyumbani.

"Hapo sasa serikali haiingii. Mtu akishaokolewa na asifike kwake, hilo ni suala la Ofisi ya Ndoa."

Katibu aliona uso wa mgeni wake, akajaribu kumliwaza kwa methali, kwamba kifo cha wengi harusi. Halafu akakumbuka kwamba hakuna aliyekufa, akaifuta methali.

Akamsogezea fomu. Chande, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake, alijaza ubora kwa uaminifu: foleni, adui, milio. Kwenye udhaifu akasita. Angeweza kuuliza mbona Jemadari anapiga risasi mia bila kujaza bunduki, na mbona watu wanakaa siku tatu hakuna anayeomba maji wala choo. Lakini hayo ni ya sinema zote. Yalimsumbua mambo mawili. Mateka wote thelathini na mmoja wanatoka pekupeku, na hakuna aliyewavua viatu. Tena mbele ya Posta Kuu pana saruji, yeye aliikalia siku tatu anaijua hadi nyufa zake, lakini katika filamu mateka wanakanyaga udongo mwekundu uliotifuliwa, na upande wa kushoto wa mlango umedidimia. Akaandika: mbele ya posta pana udongo mwekundu.

Bwana Pantaleo aliusoma mstari huo mara mbili. Adabu yake ikapungua kidogo. Akachukua kalamu, akaukata, akasema kwamba viatu ni sanaa na udongo si udhaifu, ni udongo wa nchi yetu. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, akasema kwamba Idara ina faili la Chande, na kwamba mtafsiri akiifanya kazi yake vizuri mbele ya Waziri, faili huwa linafunguliwa.

"Nitaonyeshwa alipo?" Chande akauliza.

"Faili litafunguliwa," alirudia Katibu.

Mkono mtupu haulambwi, na Chande hakuwa na kingine cha kutoa ila sauti. Akakubali.

*

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi alasiri katika Ukumbi wa Ushindi. Viti vya mbele walikaa waheshimiwa. Nyuma walijazwa watu wa Mtaa wa Karakana, walioletwa kwa malori kwa kuwa Idara ilitaka watazamaji wanaojua kushangilia. Miongoni mwao alikuwamo Bi Mwanakombo, muuza vitumbua, ambaye kwa miaka ishirini hajakosa siti ya mbele bandani, na hakufurahi kuwekwa safu ya arobaini.

Waziri alihutubia. Alisema mataifa mengine huokoa mateka mara moja, lakini taifa hili limewaokoa mara mbili, kwanza kwa silaha na sasa kwa sanaa, na mara ya pili imekwenda vizuri zaidi. Akapigiwa makofi.

Chande alisoma tafsiri yenye mhuri bila kukosea neno. Jemadari aliposema sentensi mbili, tafsiri ilikuwa na kurasa mbili kuhusu uzalendo, akazisoma zote huku Jemadari akiwa ameshatoka chumbani. Alikuwa ameazimia kutii hadi mwisho. Faili, alijiambia, faili tu. Mlango ukafunguka. Mateka wa kwanza akatoka, Chande akasoma kwamba anamshukuru Jemadari. Wa pili, akasoma; wa tatu, akasoma; hadi wa kumi na mbili.

Akatoka wa kumi na tatu, kijana mwembamba mwenye bendera yake, na Chande akajua kwamba hawezi. Kumi na tisa waliobaki alikuwa nao kichwani tangu siku ile mkekani, na miezi kumi na mmoja hakuna aliyewataja mbele ya watu. Akayaweka makaratasi chini.

"Mtazameni vizuri huyu," alisema. "Ni Abedi Nassoro wa Mtaa wa Bomani, mpaka rangi."

Watu wa Karakana walijua sentensi hiyo husemwa juu ya nani. Walimtazama yule kijana anayetabasamu na bendera, wakatazamana, na wakaelewa. Kisha kutoka nyuma, kwa sauti ya chini, wakaitikia.

"Poleni wa kwao."

Waziri alimwinamia Bwana Pantaleo kumuuliza watu wanasema nini. Katibu, ambaye hakuwahi kukaa bandani maisha yake yote, alijibu kwamba wananchi wanawapa pole mateka kwa usumbufu walioupata. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika, na kuanzia wa kumi na nne naye akawa anaitikia. Waheshimiwa wa mbele wakamfuata. Chande akaendelea: Perpetua wa Kanisani, mshona sare. Mzee Shomvi, mpiga zumari mstaafu. Mapacha wa Mzambarauni, walioenda kutuma barua moja. Ukumbi mzima ukaitikia, mawaziri na wauza vitumbua, kumi na nane.

Akatoka wa kitenge cha kijani. Kipaza sauti chake cha bandani kilikwaruza. Chande akakitazama kitenge hadi Bwana Pantaleo akaanza kuinuka.

"Mtazameni vizuri huyu," akasema. "Ni Somoe binti Mfaume, wa Mtaa wa Karakana. Alinitungia majina. Nilimtuma mimi."

Kisha Bi Mwanakombo alisimama kule safu ya arobaini na kusema, "Pole, Chande," na safu zote za nyuma zikasimama zikasema vivyo hivyo. Waziri alidhani ni wakati wa kusimama, akasimama.

*

Jumatatu Chande aliitwa Idarani. Bwana Pantaleo alimpokea kwa mikono miwili. Waziri alikuwa amefurahi mno, na ameagiza sauti iliyorekodiwa siku ile, pamoja na itikio la ukumbi, iwe ndiyo tafsiri rasmi na ipelekwe wilaya zote. Hajawahi kuona, alisema, mateka wa kawaida wakipewa heshima ya majina.

Chande akauliza habari ya faili. Katibu akalifungua, kama alivyoahidi. Lilikuwa na karatasi moja mpya. Iliandikwa kwamba mume wa mhusika, kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya Waziri na watu elfu mbili, amemtambua mkewe akitoka mlangoni mwa posta akiwa hai, na kwa hiyo shauri limekwisha. Bwana Pantaleo alilifunga faili, akampongeza, akamkumbusha kuwa Ofisi ya Ndoa hufungwa saa tisa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akilia njia nzima bila kujificha. Alikuwa amemuuza kwa mdomo wake mwenyewe, ndivyo alivyoona, na sasa hakuna mlango uliobaki wa kuugonga.

Alipofika alikuta uani pamejaa. Mikeka imetandikwa, sufuria limetelekwa, wanawake ndani, wanaume nje. Bi Mwanakombo alikuwa amekwisha kuwapangia watu kazi. Hawakuwa wameomba ruhusa ya mtu. Saa saba sajenti wa polisi alikuja na askari wawili, akauliza mkusanyiko huo ni wa nini.

"Tunajadili ubora na udhaifu wa filamu, afande," akajibu Bi Mwanakombo.

Sajenti alifikiri. Kujadili filamu ya taifa kulikuwa kumehimizwa kwa waraka. Akavua kofia, akakaa mkekani, akala ubwabwa, na kabla ya kuondoka akagawa fomu.

Siku ya tatu ya mjadala huo alikuja mwanamke mgeni, muuza mchicha kutoka upande wa pili wa mji, akauliza mwenye msiba ni yupi. Jina lake Havijawa. Mkononi alikuwa na kitenge cha kijani kilichokunjwa.

"Mimi ndiye niliyetoka," alimwambia Chande. "Niliambiwa nitembee nitabasamu. Sikujua ni mtu wa nani, kaka yangu. Nisamehe."

Chande alikipokea kitenge. Akamwambia hana kosa, ametembea vizuri. Halafu yule mtafsiri aliye ndani yake, ambaye hata msiba haukumnyamazisha, akauliza mbona walikuwa pekupeku.

Havijawa akamweleza. Posta ile ilikuwa ukuta wa mbele tu, wa mbao, umesimamishwa nyuma ya kambi ya jeshi, mahali raia hafiki. Wenye filamu walitaka uwanja mtupu na wakapewa ule. Kushoto kwa mlango udongo ulikuwa mpya na unadidimia, ukapigiwa mstari wa chokaa wasiukanyage. Asubuhi ya kupiga picha, askari mmoja wa lindo aliwafuata mateka pembeni, mtu mzima, akawasihi wavue viatu.

"Nikamuuliza kwa nini," alisema Havijawa. "Akasema pale mwaka jana alichimba yeye. Akasema kumi na tisa. Hakusema zaidi, nasi tukavua."

Chande alikikumbatia kitenge, akakaa hivyo hadi sauti ya adhana ikasikika, na watu wakamwacha.

*

Ripoti ya Idara ilitoka baadaye na inajisifu. Filamu imeonyeshwa wilaya zote, na kila mahali wananchi huitikia kwa pamoja kama waliofundishwa. Udhaifu uliotajwa nchi nzima ni mmoja tu, kama wataalamu walivyokadiria: fomu elfu kadhaa zimeandika kwamba mbele ya posta pana udongo mwekundu. Idara imelipokea hilo kama ushahidi wa mapenzi ya raia kwa ardhi yao. Kuhusu tabia mpya ya watazamaji kuvua viatu sehemu za mwisho, uchunguzi unaendelea.

Kambi ya jeshi bado haiingiliki. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya sala, banda la Mtaa wa Karakana huonyesha filamu ya taifa, na hakuna anayeweza kulikataza. Inapokaribia dakika ya tisini na nne, Chande huzima kipaza sauti, kile kile kinachokwaruza, huvua viatu, na banda zima huvua. Hakuna anayemtazama tena mwanamke wa kitenge. Wanatazama chini, kushoto kwa mlango, na Chande huinua viganja na kumsomea Somoe fatiha. Huisoma haraka, kwa sababu mahali hapo huonekana kwa sekunde kumi na moja tu. Baada ya hapo Jemadari huingia kwenye picha na kusimama mbele, akipaziba.